Farasi wa Yennenga amngojea mwanamke

Kila baada ya miaka miwili mji wa Ouagadougou, makao makuu ya Burkina Faso, huwa ndio makao makuu ya sinema ya Afrika nzima. Watengenezaji wa filamu kutoka kaskazini na kusini, mashariki na magharibi ya bara hili, hupeleka huko kazi zao zitazamwe na wananchi na zipimwe na waamuzi. Filamu inayozishinda nyingine zote hupewa tuzo ya Farasi wa Dhahabu wa Yennenga. Tangu ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1972 hadi tamasha la mwaka 2025, tuzo hiyo imetolewa mara 27. Wanaume 25 wameipokea, wawili miongoni mwao mara mbili mbili. Mwanamke hajaipokea hata mmoja.

Jambo hilo lingesikitisha hata kama tuzo ingeitwa kwa jina jingine lolote. Lakini Yennenga alikuwa mwanamke. Masimulizi ya Wamossi yasema kwamba alikuwa binti wa Mfalme Nedega wa Dagomba, hodari wa kupanda farasi na shujaa wa vita, ambaye baba yake alikataa kumwoza kwa kuwa hakutaka kumpoteza askari wake bora. Binti huyo akatoroka juu ya farasi wake. Na wako wasimulizi wasemao kwamba alijivika mavazi ya kiume ili apate kupita. Msituni akakutana na mwindaji wa tembo aitwaye Riale, akamzalia mtoto wa kiume, naye akaitwa Ouedraogo, maana yake farasi dume, kwa heshima ya mnyama aliyemwokoa mama yake. Kutokana na mtoto huyo zikazaliwa milki za Wamossi. Ndiyo maana sanamu anayokabidhiwa mshindi ni ya mwanamke aliyeketi juu ya farasi, mkuki mkononi. Kwa zaidi ya nusu karne sasa sanamu ya mwanamke shujaa imekuwa ikipokewa kwa mikono ya wanaume peke yao.

Kwa nini imekuwa hivyo? Swali hilo halina budi kuulizwa na Waafrika wenyewe, tena kwa uwazi, maana tamasha ni mali yao.

MIZANI YA WENYEWE

Yafaa kwanza ikumbukwe tamasha hilo lilizaliwa kwa sababu gani. Mwaka 1934 serikali ya Ufaransa ilitoa amri, iliyojulikana kwa jina la Waziri Laval, kwamba mtu yeyote asipige filamu katika makoloni yake ya Afrika bila ya kibali cha watawala. Mkoloni alijua vema nguvu ya picha. Alitaka Mwafrika atazamwe, wala hakutaka Mwafrika atazame. Paulin Vieyra na wenzake walipotaka kutengeneza filamu yao mwaka 1955, waliitengenezea Paris, wakaiita Afrique-sur-Seine, kwa kuwa nchi zao wenyewe zilikuwa zimefungiwa mlango.

Uhuru wa bendera ulipokuja, majumba ya sinema yalibaki mikononi mwa wageni. Katika Volta ya Juu, kama Burkina Faso ilivyoitwa wakati ule, makampuni mawili ya Kifaransa ndiyo yaliyoamua wananchi waone nini na walipe kiasi gani. Februari 1969 wapenzi wa sinema wa Ouagadougou waliandaa wiki ya filamu za Kiafrika, na kamati ya maandalizi iliongozwa na mwanamke, Alimata Salembéré. Mwaka uliofuata serikali ikayataifisha majumba ya sinema. Mwaka 1972 tamasha likapewa jina la FESPACO, mashindano yakaanzishwa, na Farasi wa kwanza akachukuliwa na Oumarou Ganda wa Niger kwa filamu yake Le Wazzou polygame.

Haja ya kuwa na mizani ya wenyewe ilikuwa dhahiri. Wahenga walisema, mwamba ngoma huvutia kwake. Tamasha la Cannes nchini Ufaransa, ambalo hutazamwa na ulimwengu mzima kama baraza kuu la sinema, lilianza mwaka 1946. Tangu hapo hadi mwaka 2025 tuzo yake kuu imeifikia filamu ya Kiafrika mara moja tu, nayo ni mwaka 1975, alipoipata Mohammed Lakhdar-Hamina wa Algeria kwa filamu yake Chronique des années de braise. Hakuna mwenye akili timamu atakayeamini kwamba bara zima lilizaa filamu moja tu iliyostahili katika miaka hiyo yote. Wenye meza walichagua kwa macho yao, kwa mazoea yao na kwa maslahi ya masoko yao.

Ouagadougou ilileta mizani nyingine. Mwaka 1987 Farasi wa Dhahabu alikwenda kwa Med Hondo wa Mauritania kwa filamu yake Sarraounia, inayosimulia habari za malkia wa Waazna aliyeyapinga majeshi ya Kifaransa yaliyokuwa yakichoma vijiji mwaka 1899. Filamu hiyo ilipigwa nchini Burkina Faso kwa msaada wa serikali ya Thomas Sankara. Si rahisi kuona ni baraza gani la Ulaya lingeiweka filamu ya namna hiyo mahali pa juu kabisa. Mcheza kwao hutunzwa, na hiyo ndiyo maana ya kuwa na kwao.

Basi thamani ya mizani ya Ouagadougou haina mjadala. Lakini aliyeikataa mizani ya jirani kwa sababu imepinda hawezi kukataa yake isikaguliwe. Hoja ambayo Waafrika waliitoa mbele ya Cannes, kwamba haiwezekani watu wazima kwa mamilioni wakakosa mshindi kwa miaka na miaka bila ya kuwako kasoro katika njia ya kuchagua, ndiyo hoja hiyo hiyo ambayo wanawake wa Afrika wanaitoa mbele ya Ouagadougou. Ikiwa ilikuwa kweli kule, ni kweli na huku.

VISINGIZIO

Wako watakaosema kwamba sanaa haina mwanamume wala mwanamke, na kwamba waamuzi hutazama filamu bila ya kumtazama aliyeitengeneza. Maneno hayo ni mazuri, lakini Mwafrika aliyakwisha kuyasikia. Ndiyo maneno aliyoambiwa alipouliza mbona filamu zake hazionekani: kwamba sanaa haina rangi wala nchi. Aliyeyasema alikuwa amekwisha keti mezani.

Wako pia watakaosema kwamba wanawake bado ni wachache, wala kazi zao hazijafikia kiwango. Kumbukumbu za tamasha zenyewe zinawasuta. Tangu mwaka 2005 Farasi wamekuwa watatu: wa dhahabu, wa fedha na wa shaba. Mwaka 2021 Farasi wa Fedha alichukuliwa na Gessica Généus wa Haiti kwa Freda, na wa Shaba akachukuliwa na Leyla Bouzid wa Tunisia. Mwaka 2023 wa Fedha alikwenda kwa Apolline Traoré wa Burkina Faso kwa Sira, habari za binti wa Kifulani anayepambana na magaidi waliomteka katika nchi za Sahel. Na wa Shaba alikwenda kwa Angela Wamai wa Kenya kwa Shimoni, filamu yenye jina la Kiswahili, inayomhusu mwalimu aliyetoka gerezani na kurudishwa kijijini asikotaka kurudi. Mwaka 2025 wa Shaba alichukuliwa na Rungano Nyoni wa Zambia kwa On Becoming a Guinea Fowl.

Hesabu hiyo yafaa itazamwe kwa makini. Katika matamasha matatu mfululizo Farasi sita wa fedha na wa shaba walitolewa, na watano kati yao walikwenda kwa wanawake. Farasi watatu wa dhahabu walitolewa, na wote watatu walikwenda kwa wanaume. Mtu anayefika mlangoni mara tano na kuishia hapo hawezi kuambiwa kwamba hajui njia.

Hapana anayesema kwamba washindi hao wanaume hawakustahili. Khadar Ayderus Ahmed wa Somalia, aliyeshinda mwaka 2021 kwa The Gravedigger's Wife, aliileta sinema ya Kisomali mahali ambapo haikupata kufika. Ashkal ya Youssef Chebbi wa Tunisia, iliyoshinda mwaka 2023, na Katanga ya Dani Kouyaté wa Burkina Faso, iliyoshinda mwaka 2025, ni kazi za watu wanaoijua kazi yao. Kila tuzo, ikitazamwe peke yake, yaweza kutetewa. Kisichoweza kutetewa ni tuzo 27 zikitazamwe kwa pamoja.

Na ajabu ni kwamba jirani alikwisha kuonyesha njia. Tamasha la Carthage nchini Tunisia, lililoanza mwaka 1966 na ambalo nalo ni mali ya Waafrika na Waarabu wenyewe, lilitoa tuzo yake kuu ya Tanit ya Dhahabu kwa Sarah Maldoror mwaka ule ule wa 1972 ambao Farasi wa kwanza alitolewa Ouagadougou. Filamu yake, Sambizanga, ilihusu mapambano ya ukombozi wa Angola, na aliyewekwa katikati ya habari ni mke anayemtafuta mumewe aliyetiwa kizuizini na Wareno. Mwaka 1994 Tanit ya Dhahabu ilikwenda kwa Moufida Tlatli, na mwaka 2016 kwa Kaouther Ben Hania. Hakuna aliyesema kwamba Carthage ilishusha hadhi yake.

HUKUMU KABLA YA HUKUMU

Je, kosa ni la waamuzi? Jibu la haraka lingekuwa ndiyo, na dawa ya haraka ingekuwa kuwaweka wanawake katika viti vya waamuzi. Lakini dawa hiyo ilikwisha kujaribiwa. Mwaka 2013 mabaraza yote ya waamuzi wa tamasha yaliongozwa na wanawake, na lile la filamu ndefu liliongozwa na Euzhan Palcy wa Martinique; Farasi wa Dhahabu akaenda kwa Alain Gomis wa Senegal. Mwaka 2023 baraza liliongozwa na Dora Bouchoucha wa Tunisia, na matokeo yamekwisha kuelezwa. Mwamuzi mwanamke si wakili wa wanawake, wala haimpasi kuwa hivyo. Anapima alicholetewa mezani.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Baraza la waamuzi ni kituo cha mwisho cha safari ndefu, na filamu nyingi huhukumiwa kabla ya waamuzi kuketi. Huhukumiwa na kanuni, huhukumiwa na kamati ya uteuzi, na huhukumiwa na fedha.

Kanuni ni mfano ulio wazi. Kwa miaka mingi filamu haikuruhusiwa kushindania Farasi wa Dhahabu isipokuwa imeletwa katika mkanda wa milimita 35. Kanuni hiyo ilibaki hata baada ya kamera za kidijitali kuenea duniani kote, ikaondolewa katika tamasha la mwaka 2015. Mkanda wa namna hiyo ulikuwa wa gharama kubwa, na maabara za kuusafishia zilikuwa Ulaya. Kanuni haikutaja mwanamke wala mwanamume, haikutaja tajiri wala maskini; lakini kila mtu aelewa ni nani alizuiwa nayo. Ilimzuia asiyekuwa na fedha, na katika Afrika, kama ilivyo kwingineko, mlango unapofungwa kwa ajili ya fedha wanawake ndio wa kwanza kubaki nje.

Tangu mwaka 1963 sehemu kubwa ya filamu za nchi zilizotawaliwa na Ufaransa ilitegemea fedha za Wizara ya Ushirikiano ya Ufaransa na za mifuko mingine ya kigeni. Mwenye mfuko ndiye aliyekuwa mteuzi wa kwanza. Hata filamu ilipokwisha kupigwa, vikwazo havikwisha. Safi Faye wa Senegal, aliyefungua njia kwa wanawake wa Afrika mwaka 1975 kwa filamu yake Kaddu Beykat, aliipiga filamu ya Mossane mapema katika miaka ya 1990, lakini haikuonekana hadharani mpaka mwaka 1996 kwa sababu ya mgogoro wa kisheria na watayarishaji. Miaka kama hiyo katika maisha ya msanii hairudi. Safi Faye alifariki dunia Februari 2023, siku chache kabla ya tamasha la mwaka huo kufunguliwa.

Kati ya kanuni na fedha iko kamati ya uteuzi. Majina ya waamuzi hutangazwa, nao huketi mbele ya watu. Lakini kazi ya kupunguza mamia ya filamu zilizoletwa mpaka zibaki kumi na tano au ishirini hufanyika kimya. Filamu iliyokataliwa na waamuzi angalau imeonekana. Filamu iliyokataliwa na wateuzi ni kama haikuzaliwa. Kwa hiyo anayetaka kuijua haki ya tamasha lolote asianze na usiku wa kutoa tuzo. Aanze na orodha.

LA KUFANYA

Wanawake hawaombi huruma, wala hawaombi Farasi wa kupewa kwa zamu. Tuzo itolewayo kwa kumridhisha mtu ni matusi kwa anayepewa na kwa aliyenyimwa. Kinachodaiwa ni njia iliyo sawa tangu mwanzo wa safari hadi mwisho.

Kwanza, tamasha litangaze kila mara idadi ya filamu zilizoletwa, ngapi ni za wanawake na ngapi ni za wanaume, na ngapi za kila upande zilizoteuliwa. Hesabu hiyo haigharimu kitu, na ikiwa mambo ni safi haina la kumwogopesha mtu. Pili, majina ya wateuzi yajulikane kama yanavyojulikana ya waamuzi, na wateuzi wabadilishwe mara kwa mara ili mazoea yasigeuke kuwa sheria. Tatu, waamuzi waandike sababu za hukumu yao na zisomwe hadharani, maana hukumu isiyoeleza sababu haimfundishi aliyeshindwa wala haimjengi aliyeshinda. Nne, serikali za Afrika zianzishe mifuko yao ya filamu na zitenge sehemu kwa ajili ya filamu za kwanza na za pili za wanawake, kwa sababu huko ndiko wengi wao wanakokwama. Burkina Faso yenyewe imekuwa ikiandaa, tangu mwaka 2010, siku maalumu za sinema ya mwanamke wa Kiafrika. Hilo ni jema, lakini siku maalumu zisije zikawa uwanja wa pembeni ambako mwanamke hupigiwa makofi ili asiulize habari za uwanja mkubwa.

Wajibu huu si wa Ouagadougou peke yake. Wauhusu mji wa Tunis, wauhusu Durban, na wauhusu Unguja, ambako Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1997, nalo huwa na mashindano yake, waamuzi wake na tuzo yake ya Jahazi la Dhahabu. Kila penye mizani pana haja ya kuikagua. Na dunia haingojei. Mwaka 2024 Lupita Nyong'o wa Kenya alikuwa mwenyekiti wa waamuzi wa tamasha la Berlin, na Dubu wa Dhahabu alichukuliwa na Mati Diop, binti wa ukoo wa Kisenegali, kwa filamu yake Dahomey kuhusu vitu 26 vya thamani vilivyoporwa na Wafaransa na kurudishwa Benin mwaka 2021. Itakuwa aibu isiyofutika ikiwa binti za Afrika watatunzwa ugenini kabla ya kutunzwa nyumbani.

Watu wa Burkina Faso wamelitunza tamasha hili kwa gharama kubwa. Waliliandaa mwaka 2023 na tena mwaka 2025 wakati nchi yao inashambuliwa na watu wenye silaha na maelfu kwa maelfu ya wananchi wameyahama makazi yao. Mwaka 2025 lilifunguliwa siku tatu tu baada ya kifo cha Souleymane Cissé wa Mali, mshindi wa mwaka 1979 na 1983, ambaye ndiye aliyekuwa ameteuliwa kuwaongoza waamuzi. Taifa linalokusanya watu kutazama filamu katika hali kama hiyo limeonyesha kwamba linaijua thamani ya sinema. Ni kwa sababu ya heshima hiyo, wala si kwa sababu ya dharau, kwamba linadaiwa zaidi.

Kwa desturi ya miaka miwili miwili, zamu ijayo ya Ouagadougou ni mwaka 2027. Filamu zitakazoshindaniwa huko zinaandikwa na kupigwa sasa, na fedha zake zinatolewa au kunyimwa sasa. Wakati wa kuikagua mizani ni huu, kabla mzigo haujawekwa juu yake. Yennenga alipolitoroka boma la baba yake hakumwomba mtu amfungulie lango, wala hakungoja aambiwe kwamba zamu yake imefika. Lakini watu waliolitwaa jina lake wakalitia kwenye tuzo yao hawana haki ya kuwa walinzi wa lango lile lile.